Mifuko ya Chini ya Macho

4 Machi

Wifi yangu Nesi,

Ukiona mwandiko wangu juu ya bahasha usishtuke, hakuna aliyekufa. Nimeandika kwa mkono kwa sababu namba ya siri ya simu yangu kaka yako anaijua. Ya kwake nilikuwa naijua mimi, mpaka mwezi uliopita alipoibadilisha. Hapo ndipo pa kuanzia.

Kaka yako yuko huko mjini kwako. Ameondoka juzi, anasema kampuni imempeleka semina ya siku kumi kuhusu magodoro ya aina mpya. Karibu miaka ishirini na sita naishi na muuza magodoro, sijawahi kusikia semina ya kitu cha kulalia. Nilipomuuliza wanafundishwa nini siku zote hizo, akasema sponji. Nilipomuuliza kwa nini asifikie kwako, akasema wamepewa hosteli.

Kabla hajaondoka alikuwa ameshabadilika. Amenunua miwani myeusi, mtu ambaye jua halijawahi kumsumbua. Amenunua mto mrefu na ameanza kulala chali, amenyooka kama maiti, nikimuuliza anasema anajizoeza. Akipigiwa simu anatoka kwenda uani. Siku moja nilikuwa naanua nguo nikamsikia kwa masikio yangu mwenyewe: "Nitakuja peke yangu. Mke wangu hajui." Nikabaki nimesimama na shuka mkononi.

Sitakuambia nimelia, maana sijalia. Nimechoka tu. Nina watoto arobaini na wawili wa darasa la sita, madaftari yao yamejaa mezani, sina nafasi ya kumfuatafuata mwanamume wa miaka hamsini na mbili. Wewe uko huko. Itafute hiyo hosteli, umwone yuko na nani, uniandikie ukweli hata kama ni kaka yako wa tumbo moja.

Wifi yako,
Mwalimu

9 Machi

Wifi yangu Mwalimu,

Barua yako nimeipata, nimeisomea jikoni, mlango nimeufunga.

Kaka nimemwona. Ni mzima, anakula, na hana mwanamke. Nakuapia kwa kaburi la mama yetu, na unajua mimi siapi ovyo. Kuhusu semina usiniulize, mimi ni mtu wa sindano na bandeji, mambo ya sponji siyajui. Ninachoweza kusema ni kwamba anaonekana kama mtu aliyepumzika.

Huku kazini ni vurugu. Nilipoanza kwenye hii kliniki ya ngozi, miaka sita iliyopita, wateja wa urembo walikuwa wanapandia ngazi za nyuma, kichwa kimefunikwa, na kwenye daftari waliandika wamekuja kutibiwa chunusi. Kati ya kitanda na kitanda tulikuwa na pazia zito la kijani ili mtu asimwone mwenzake. Mwaka jana mkurugenzi aliliondoa, na upande wa barabarani akatoboa ukuta akaweka kioo. Tukasema sasa tumefukuza wateja. Kumbe ndio wamefurika. Wanakuja saa ya chakula cha mchana na vitambulisho vya kazi shingoni: karani wa benki, dereva wa lori, binti na mama yake mzazi kwenye foleni moja. Jana msichana alinionyesha picha kwenye simu, anataka pua ile. Nikamuuliza ni pua ya nani. Akasema ni yake mwenyewe, ila simu imeirekebisha. Nilikaa chini kidogo.

Nimetoka nje ya swali lako, nisamehe. Akirudi usimpokee kwa maneno. Na wiki mbili za kwanza usimwache abebe ndoo wala ainame kufunga viatu. Semina zinachosha mgongo.

Wifi yako,
Nesi

17 Machi

Wifi,

Semina zinachosha mgongo. Nimeisoma sentensi hiyo mara nne, na kila mara nimezidi kuona kwamba unanifanya mtoto.

Kaka yako wa semina amerudi siku tano zilizopita. Miwani myeusi usoni, ndani ya nyumba, jua limeshazama, anapapasa kutafuta kiti. Vumbi la sponji, anasema. Alipopitiwa na usingizi nikamvua. Chini ya macho pamevimba, pana rangi ya zambarau inayoelekea kuwa ya manjano, na pana kamstari kembamba kama mtu aliyekwaruzwa na kucha. Asubuhi nikampigia karani wa dukani kwao. Hakuna semina. Mtu aliomba likizo yake ya mwaka.

Nilimuuliza nani amempiga. Nikamuuliza kama ni mume wa huyo mwanamke. Wifi, alinitazama, akafikiri kidogo kama mtu aliyeletewa vitu viwili achague kimoja, kisha akainamisha kichwa. Amekubali. Hakukana hata kwa heshima.

Nimehamia chumba cha binti yetu, maana yeye yuko chuoni. Sanduku langu limejaa, liko karibu na mlango. Mama yangu nimeshamwambia. Shuleni nimemfokea mtoto aliyesahau herufi kwenye neno "mume", mpaka darasa zima likanitazama kwa huruma.

Wewe uliapa kwa kaburi, na yeye amekubali kwa kichwa chake. Mmoja wenu ni mwongo. Mwisho wa mwezi ukinikuta sina jibu, utanitafuta kwa mama yangu, na sidhani nitakuwa wifi yako tena.

Mwalimu

22 Machi

Wifi yangu,

Rudisha nguo kabatini. Hakupigwa. Alikatwa, na aliyeshika taa ni mimi.

Ile mifuko ya chini ya macho, ambayo baba yetu alikuwa nayo na babu yetu kabla yake, imeondolewa na daktari wetu asubuhi moja, kwa dakika hamsini, kaka akiwa macho, akilalamika kwamba kitanda chetu ni kigumu. Alilala kwangu siku zote kumi, kwenye kochi, na mto ule mrefu. Barua yako ya kwanza ilipofika alikuwa amejiwekea barafu usoni. Aliutambua mwandiko kwa jicho moja. Akaniuliza unasemaje, nikamwambia unamsalimia. Aliishikilia barafu mpaka ikayeyuka yote ikamlowesha shati.

Sikukuambia kwa sababu mgonjwa ni mgonjwa hata akiwa kaka, siri yake si yangu. Na aliniapisha mara mbili, mara moja kama nesi na mara moja kama dada.

Sasa sikiliza chanzo chake. Mwaka jana mteja mmoja, baada ya kuonyeshwa magodoro yote, alimuuliza mbele ya watu: "Mzee, na wewe unalalia haya haya?" Duka zima lilicheka. Ikawa utani wa kila siku. Meneja mpya akasema uso ule hauuzi usingizi, akamtoa mbele, akamweka stoo ya nyuma ahesabu mito. Najua alikuambia amepandishwa cheo kuwa msimamizi wa stoo, na najua ulimnunulia shati jipya kwa furaha.

Nilimpigia kumuuliza kwa nini akubali mwanamke ambaye hayupo. Akaniambia, afadhali mke wangu anione mhuni kuliko anione mzee anayeogopa. Nimemwambia ni ujinga. Lakini ndivyo alivyosema, na mimi sasa nimevunja viapo vyote viwili.

Nesi

3 Aprili

Wifi,

Mwanamke ningejua la kumfanya. Ningemfuata, ningemwambia maneno yangu, yangekwisha. Sasa nimfuate nani, kioo?

Nilimwambia najua. Alikaa kitandani akafuta miwani kwa muda mrefu, akasema aliogopa nitacheka. Nikamwambia kwa hiyo ukaona afadhali nilie. Nimerudi chumbani kwetu, si kwa sababu nimesamehe, ila kitanda cha binti yetu kinaniumiza kiuno. Na usithubutu kuniambia habari ya magodoro.

Uvimbe umeisha. Nisiwe mwongo, amependeza. Anaonekana kama yule mwanamume aliyekuja kwetu kunichumbia, isipokuwa yule alikuwa ananitazama na huyu anatazama vioo vya magari yaliyoegeshwa. Meneja alipomwona amemrudisha mbele ya duka wiki hiyohiyo.

Lakini kilichonishinda ni watu. Habari ilipotoka dukani kwao, nilijua mtaa utatucheka, nikajiandaa kumtetea, maana ni wangu hata akiwa mjinga. Hakuna aliyecheka. Kinyozi wa jirani alikuja na daftari kuandika namba ya daktari. Mwalimu mkuu alinisimamisha nje ya ofisi, nikadhani ni habari ya mitihani, kumbe anataka kujua mtu anapumzika siku ngapi. Walimu wenzangu wanaita "kusafisha macho", kama zulia. Mwalimu wa hesabu, yule ambaye mwaka jana alisema wanawake wa sindano za urembo hawana shukrani kwa Muumba, amesema kusafisha si sawa na kujibadilisha. Nikamuuliza mpaka uko wapi. Akasema uko kwenye nia. Keshokutwa anapanda basi kuja kwenu.

Wote wakishamaliza, wananigeukia mimi. Na wewe lini, Mwalimu? Wanauliza kwa upole, kama wanauliza nitapona lini. Na jana muuza mboga ameniambia mdogo wangu amepita hapo asubuhi akanunua nyanya. Nina mdogo wangu wapi? Nyanya zile alileta kaka yako. Nililipa vitunguu nikaenda zangu.

Mwalimu

11 Aprili

Wifi yangu,

Huyo muuza mboga hana macho, asikuumize kichwa.

Nimefurahi mmerudi chumba kimoja. Mimi naona unajichosha kwa jambo ambalo limeshapita. Watu wanapaka nywele rangi, wanang'oa meno na kuweka mengine, hakuna anayeuliza nia. Hata hii itakuwa hivyo, kwa kweli imeshakuwa. Zamani wateja wangu walikuwa wanalia wakiona damu kidogo. Sasa wanajibu simu za kazini huku nimewashika kidevu.

Nina habari. Mkurugenzi anafungua tawi huko kwenu, juu ya duka la miwani, na ameniomba niwe msimamizi. Nadhani wateja mliotuletea ndio waliomshawishi. Nikija nitaomba nikae kwenye chumba cha binti mpaka nipate nyumba.

Na siku yenu ya kutimiza miaka ishirini na sita ya ndoa utapata kitu. Mimi na kaka tumeshauriana. Ukubali bila maneno, tafadhali, mara moja tu maishani mwako.

Wifi yako akupendaye,
Nesi

29 Aprili

Nesi,

Nimekipata hicho kitu.

Kaka yako alialika watu wachache: kinyozi na mkewe, mwalimu mkuu, na binti yetu akaja kutoka chuo. Baada ya kula akasimama, akasema maneno mazuri kunihusu, mazuri kweli, nikaanza kulegea. Kisha akanipa bahasha. Ndani kadi ngumu inayong'aa, na karatasi iliyokunjwa. Kifurushi cha Mama: paji la uso, katikati ya nyusi, pembe za mdomo, sindano pamoja na nyuzi za kuvuta ngozi.

Wakapiga makofi. Nataka uelewe kwamba ndicho kilichonivunja, si kadi. Nilitazama meza nzima nitafute hata mtu mmoja aliyeangalia chini kwa aibu, sikumwona. Mke wa kinyozi alisema ana bahati gani mwanamke huyu. Binti yangu alikuwa ananipiga picha. Mwaka mmoja tu nyuma, mwanamume angempa mkewe karatasi ile mbele za watu, wangemtoa nje.

Nikamuuliza kaka yako, "Wapi?"

Akadhani nauliza kliniki iko wapi. Nikamwambia, "Kwangu mimi. Wapi?"

Akanyoosha kidole. Hapa, katikati ya nyusi. Na hapa, na hapa, pembeni mwa mdomo. Wifi, hakutafuta. Kidole kilikuwa kinajua njia.

Wageni walipoondoka nikaifungua ile karatasi vizuri. Kuna mchoro wa uso wa mwanamke na visanduku pembeni, na visanduku vimewekwa alama ya vema yenye mkia mrefu unaopinda. Alama hiyo naijua. Niliiona kila siku kwa miezi saba, kwenye chati ya dawa uliyobandika ukutani mama yenu alipokuwa anaugulia nyumbani kwangu, wewe ukija Jumamosi na mimi nikiwa naye siku nyingine zote. Huo mkunjo wa katikati ya nyusi ulioutilia alama, unajua vizuri ulianza lini.

Kwa hiyo mlikaa, wewe na kaka yako, mkanipitia usoni kisanduku kwa kisanduku. Nani alianza? Hilo tu ndilo nataka kujua.

5 Mei

Mwalimu,

Hukutia sahihi barua yako, nami nimestahili.

Nilianza mimi. Kaka alitaka kukununulia saa ya mkononi. Nikamwambia saa ni zawadi ya kustaafu, nikachukua fomu, nikaweka alama nikiwa nakunywa chai. Nilizijua zote bila kukuona. Hata kidole chake, njia nilimwonyesha mimi kwenye ule mchoro.

Na kabla ya hapo pia nilianza mimi. Yeye hakuja kliniki kwa akili yake. Alikuja kunitembelea mwaka jana, akanitazama, akasema, "Dada, mbona wewe huzeeki?" Nikamwambia. Najichoma sindano tangu miaka miwili iliyopita, mkurugenzi anasema mhudumu ndiye tangazo. Miaka miwili, wifi, na kwenye sherehe zote na misiba yote hakuna mtu aliyeona. Hata wewe. Nilikuwa naumwa uso siku tatu kila mara, na hakuna aliyesema nimependeza wala nimeharibika. Kaka alipouliza nilifurahi mno. Nikamwambia naye atapendeza. Hakuwa ameomba.

Nikikutana na mtu sasa, naona visanduku. Nikiwa kwenye foleni ya dukani nawawekea watu alama. Sikukuwekea kwa ubaya. Nilikuwekea kwa mazoea, na sijui kama hiyo ni nafuu.

Mama alikufa mikononi mwako, si mwangu. Hilo silisahau, hata kama nimeandika kama mtu aliyesahau.

Kadi unaweza kuirudisha. Chumba nitatafuta kwingine.

Nesi

21 Mei

Nesi,

Ningekupigia simu lakini bado sitaki kusikia sauti yako. Hii naituma kwa basi la leo, nawe ujibu kwa basi la kurudi, utaona kwa nini.

Nimekwenda. Nilijiambia siwezi kukasirikia mlango ambao sijaufungua. Tawi lenu limefunguliwa hata kabla hujafika, na lilikuwa limejaa. Nimekaa kati ya mama wa mwanafunzi wangu na fundi umeme aliyekuja na mkanda wa vifaa kiunoni. Hakuna aliyejificha. Tuliongea habari ya maji kukatika.

Daktari ni kijana mpole. Alinikalisha chini ya taa akanichora kwa kalamu ya wino wa zambarau: mstari kwenye paji, miwili katikati ya nyusi, mishale pembeni mwa mdomo inayopanda mpaka masikioni. Akanipa kioo. Nilimwona mwanamke aliyesahihishwa. Mimi kazi yangu ni kusahihisha, naujua ukurasa ulioshindikana. Nikamwambia daktari ninahitaji hewa kidogo, nikachukua mkoba, nikashuka ngazi, nikaenda nyumbani.

Nimetembea mtaa mzima hivyo, mishale usoni. Nilitaka wanishangae. Muuza mboga aliniuliza ni daktari yupi. Mlinzi wa shule aliniambia, "Hongera, Mwalimu."

Kaka yako alikuwa sebuleni. Akasimama, akauliza kama tayari. Nikamwambia imechorwa tu. Nikavuta kiti dirishani penye mwanga, nikakaa. Nikamwambia, "Ulinyoosha kidole upesi mno. Sasa kaa, utazame."

Alikaa. Mwanzoni hakujua aweke wapi macho. Kisha akaleta beseni na kitambaa, akaanza kunifuta, mstari kwa mstari. Alipofika chini ya sikio, mahali ambapo daktari hakuchora, akasimama. "Huu mkunjo sikuujua," akasema. Akaniuliza ni wa tangu lini. Nikamwambia ni wa tangu alipoanza kulala chali. Alicheka, halafu akalia. Zamani machozi yake yalikuwa yanatua kwanza kwenye ile mifuko. Sasa hayana pa kusimama, yalishuka moja kwa moja mpaka kidevuni. Akasema stoo ilikuwa na giza na alikuwa anaogopa kuniambia kila siku, kwa mwaka mzima. Nilimsikiliza. Sijamaliza kumkasirikia, ila nilimsikiliza.

Kadi nimeiambatanisha hapa, mpe anayeitaka. Chumba cha binti kiko wazi, njoo, nyumba ya kupanga huku utatafuta mpaka uchoke. Ukija, siku mbili za kwanza usinitazame usoni mpaka nizoee. Na mimi nitakutazama wewe vizuri, maana inaonekana nilikuwa sikutazami.

Sasa la haraka. Wino wenu hautoki. Kaka yako amesugua kwa maji, kwa sabuni ya kufulia, kwa mafuta ya kupaka, na umezidi kung'aa. Keshokutwa ni Jumatatu, watoto arobaini na wawili wananisubiri. Mnautoa na nini?

Mwalimu

22 Mei

Wifi yangu,

Sabuni haiwezi. Nunua spiriti ya kusafishia vidonda, loweka pamba, iweke juu ya mstari uhesabu mpaka thelathini, kisha vuta polepole kuelekea nje. Fumba macho. Usisugue, ngozi ya hapo ni nyembamba.

Ile ya katikati ya nyusi itachelewa kutoka, kwa sababu wino umeingia kwenye mkunjo. Kaka asiharakishe. Arudie na kurudia, hata ikichukua jioni nzima.

Nakuja Ijumaa.

Nesi